Uzi maalumu: Kumtafuta babu na bibi kwenye magazeti ya zamani na makabrasha yasiyojulikana (Tanganyika, Zanzibar, Kenya)

#1 Karani wa Ukoo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiuliza humu asili ya ukoo wake, hujibiwa mambo mawili: kaulize wazee, au nenda RITA (wakala wa serikali ya Tanzania wa kusajili vizazi na vifo) ukaombe cheti. Wazee wanaondoka mmoja mmoja. Na cheti cha mtu aliyezaliwa kijijini mwaka 1908 hukipati kwa sababu hakikuwahi kuandikwa; usajili wa lazima ulianza na Wazungu na Waasia, Waafrika walio wengi wakaja kuingizwa baadaye sana, hatua kwa hatua. Mtu akishagonga milango hiyo miwili anarudi akisema "sisi watu wa kawaida hatuna kumbukumbu". Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu naijua si kweli.

Hakuna aliyemwandika babu yako kwa ajili ya ukoo wenu. Aliyemwandika alikuwa na shughuli yake mwenyewe: padri aliyembatiza, karani aliyemtoza kodi, kadhi aliyegawa mirathi ya baba yake, mwalimu aliyemwandikisha shule, mhariri aliyepokea barua yake. Kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta jina, jiulize: nani alikuwa na sababu ya kumwandika mtu huyu? Ukishampata huyo, unafuata karatasi zake zilikoishia.

Nianze na magazeti, maana ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Watu wanadhani magazeti ya enzi zile yalikuwa ya Wazungu, kuhusu Wazungu. Si hivyo. Kiswahili kina magazeti tangu karne ya 19. *Msimulizi* lilitoka Kiungani, Zanzibar, kuanzia 1888, chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana, likiandikwa na wanafunzi na walimu wa Kiafrika wenyewe. Ndani yake utakuta nani katumwa kufundisha wapi, nani kaoa, nani kafariki, nani kavunja mguu safarini. Miaka ya 1890 likaja *Habari za Mwezi* kutoka Magila. Baadaye shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ikachapa *Kiongozi*, lililoendelea hadi vita vilipolimaliza mwaka 1916. Hilo ni hazina kubwa. Walimu, makarani na maakida waliosoma Tanga walitawanywa nchi nzima, na kutoka huko waliko walituma habari za mji wao: mvua, bei za mazao, simba aliyeua mtu, liwali mpya, harusi, misiba. Walitia majina yao chini. Kama babu yako alikuwa mwalimu au karani kabla ya Vita vya Kwanza, hapo ndipo pa kuanzia. Waprotestanti walikuwa na *Pwani na Bara* na Wakatoliki wakawa na *Rafiki Yangu*, yote mawili tangu 1910.

Halafu *Mambo Leo*. Lilianza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, likatoka kila mwezi kwa miongo minne. Wengi tunalifahamu kwa sababu Shaaban Robert alichapa mashairi humo. Lakini pembeni ya Shaaban Robert wapo mamia ya watu wasiojulikana: karani wa posta Kigoma, dresa wa hospitali Mahenge, mwalimu wa Bukoba, wote wakiandika habari za miji yao, wakiuliza maswali, wakijibizana kwa mashairi. Na mtunzi wa shairi wa zama hizo hakuacha kujitaja. Beti za mwisho soma kwa makini mno, maana humo hutia jina, mara nyingine la baba pia, na mji anaokaa. Nimeona ubeti mmoja ukimpa mtu mji ambao ukoo mzima haukujua kama babu yao aliwahi kuishi. Picha nazo zilichapwa: timu za mpira, wahitimu, machifu na wazee wao wa baraza.

Yanapatikana wapi? Kwa Tanzania, anzia Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, kisha Nyaraka za Taifa pale Upanga. Nje, Maktaba ya Uingereza na SOAS (chuo cha taaluma za Asia na Afrika), London. Gazeti la Kijerumani la Dar es Salaam, *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung* (1899–1916), limewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Berlin, unalisoma bure ukiwa kitandani kwako. Hilo lilikuwa la walowezi, Waafrika wametajwa kidogo, lakini kama mzee wenu alifanya kazi kwenye shamba au kampuni fulani, humo utaipata kampuni yenyewe, mwenye shamba, na mwaka.

Namna ya kusoma. Usitegemee kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia ukaridhika na jibu. Programu zinazotambua herufi kwenye karatasi chakavu hukosea vibaya, na kwa Kiswahili cha zamani hukosea zaidi. Tafuta mji, tafuta kazi, tafuta jina la bosi. Mji ukishaupata, fungua toleo baada ya toleo, ukurasa wa habari za miji, usome wote kwa macho. Inachosha, ndiyo, lakini ndiyo njia. Na kila ukipata kitu, piga picha ukurasa mzima pamoja na kichwa cha gazeti na tarehe. Kipande kilichokatwa bila tarehe hakitamsaidia mjukuu wako.

Nimeanza na haya. Wenye ya kwao wamwage hapa, hasa wa Kenya na visiwani.

#2 Nyuki wa Kaunti

Asante sana kwa uzi huu. Mimi ni wa Kenya, wacha niongeze ya kwetu.

Gazeti rasmi la serikali, *Kenya Gazette*. Lilianza 1899 kama gazeti la himaya za Afrika Mashariki na Uganda, na matoleo ya tangu enzi hizo yako Google Books, bure, unaweza kutafuta ndani yake. Watu hudhani ni la sheria tu na uteuzi wa mawaziri. Nenda kwenye matangazo ya mirathi. Mtu akifariki na familia ikaenda kortini, tangazo hutaja jina la marehemu, alikokuwa akiishi, tarehe na mahali alipofia, na majina ya wanaoomba kusimamia mali pamoja na uhusiano wao naye: mjane, mwana, ndugu. Sentensi mbili zinakupa vizazi viwili.

Ila elewa kipindi. Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981. Kabla ya hapo urithi wa Waafrika wengi uliamuliwa kimila au katika mahakama za wenyeji, hivyo matangazo ya zamani yamejaa Wazungu, Wahindi na Waarabu. Kwa babu aliyefariki 1950 usitarajie makubwa. Lakini mtoto wake aliyefariki 1988 yumo, na kupitia kwake unapata kijiji na nambari ya shamba. Gazeti hilo hilo lina matangazo ya hati za ardhi zilizopotea na ya watu waliobadilisha majina. Hili la kubadilisha majina limetatua mafumbo mengi ya "mbona mjomba ana jina tofauti".

Pili, matangazo ya vifo kwenye magazeti ya kila siku tangu miaka ya 1960. Wakenya tunaandika tangazo la kifo kama hati ya ukoo: mwana wa marehemu fulani na fulani, mume wa, baba wa, kaka wa, mjomba wa, babu wa. Nani yuko Marekani, nani ni mwalimu shule gani. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ina majuzuu ya magazeti ya zamani. *East African Standard* lilianza Mombasa 1902, mwanzilishi wake akiwa A. M. Jeevanjee, na kampuni hiyo ndiyo ilileta *Baraza*, gazeti la Kiswahili, mwaka 1939. Barua za wasomaji wa *Baraza* msizisahau, waandishi wake walitoka hadi Uganda na Tanganyika.

Tatu, kwa watu wa pwani, hii sijaona ikitajwa popote. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye mashamba na viwanja vya pwani waje wadai mali zao rasmi. Kudai kulimaanisha kueleza: shamba hili nilirithi kwa baba, yeye alinunua kwa fulani bin fulani, jirani yangu upande wa kusi ni fulani. Madai hayo yalisikilizwa na kuandikwa. Kwa familia za Malindi, Mombasa na vijiji vya katikati, huenda hapo pana majina ya kabla ya 1900 ambayo hayako penginepo.

#3 Mjukuu wa Manamba

Wakuu mnaongelea walimu na wenye mashamba. Babu yangu alikuwa manamba. Alitoka upande wa Songea akaja kukata mkonge Tanga miaka ya 1940, hakurudi tena kwao. Hakujua kusoma wala hakumiliki kitu. Nani alikuwa na sababu ya kumwandika?

#4 Karani wa Ukoo

Mjukuu wa Manamba, swali lako ndilo sababu ya uzi huu. Babu yako aliandikwa sana, pengine kuliko mwalimu.

Wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua mwaka 1944, ikiitwa SILABU, iliyokusanya watu mbali na mashamba, Songea ikiwemo, hadi Ruanda-Urundi. Mtu hakupandishwa gari bila kuandikwa. Hata jina "manamba" linatokana na namba alizopewa. Mafaili ya idara ya kazi na ya wilaya za ajira yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Siahidi kwamba utafungua faili ukute jina lake ukurasa wa kwanza. Mengi ya hayo ni barua za maofisa: watu wangapi wamepelekwa, kutoka kwa chifu yupi, kwenda shamba gani, malalamiko gani. Lakini ukishajua watu wa chifu fulani walipelekwa shamba fulani mwaka fulani, umeshapata kijiji cha kuanzia kule Songea.

Kabla ya kwenda Upanga, fungua sanduku nyumbani. Natilia mkazo hili. Stakabadhi za kodi, kipande cha kazi chenye siku 30 za kuwekewa alama, kadi ya kliniki, kadi ya chama, kadi ya zaka. Wazee wetu walitunza stakabadhi ya kodi kwa sababu kuikosa kulimtia mtu matatani. Stakabadhi huwa na mwaka, jina la eneo la utawala, na mara nyingi jina la baba. Waulize na shangazi, siyo wajomba tu. Masanduku hubaki kwa wanawake.

Tatu, Songea ni nchi ya Wabenediktini, Peramiho. Kama alibatizwa kabla ya kuondoka, au alibatizwa Tanga akiwa mkongeni, daftari lipo. Padri wa Kikatoliki anapombatiza mtu huandika jina lake, wazazi wake, msimamizi wake, mahali na tarehe. Baadaye pembeni ya jina hilo hilo huongezwa kipaimara na ndoa. Hata ndoa ikifungwa parokia nyingine, taarifa hurudishwa kule alikobatizwa. Kwa hiyo mstari mmoja wa Peramiho unaweza kukuambia kwamba alioa Muheza.

Nne, kitabu cha wilaya. Waingereza waliagiza kila wilaya ya Tanganyika iwe na kitabu ambamo mkuu wa wilaya huandika historia za makabila, nasaba za machifu na majumbe, mila, mipaka, njaa zilizopita. Babu yako hayumo humo. Chifu wake yumo, na kupitia chifu unapata ukoo wake ulikuwa chini ya nani na ulihamia lini. Nakala zake zilizopigwa kwenye filamu ndogo (microfilm) ziko Dar es Salaam na pia kwenye maktaba kadhaa za nje.

#5 Bint Kilimani

Assalaam alaykum. Naongezea ya Unguja na Pemba, kwa kuwa kwetu karatasi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Mna karatasi za Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza na Kigujarati. Gazeti rasmi la Zanzibar lilianza 1892, na jamii ya Wahindi ilikuwa na *Samachar* tangu 1903. Kwa wenye asili ya Kutch na Gujarati, matangazo ya biashara na misiba ya *Samachar* ni lazima myapitie, mumpate wa kuwasomea.

Kubwa zaidi ni mirathi na mahakama. Mtu akifa na kuacha hata minazi michache, faili hufunguliwa: warithi ni akina nani, mama zao ni nani, nani anamdai nani. Wanawake wamejaa humo kwa majina yao kamili, kwa sababu sheria ya Kiislamu inawapa fungu na kadhi hawezi kugawa bila kuwataja. Mafaili ya wakfu nayo vivyo hivyo: aliyeweka wakfu anataja uzao wake na wanaostahiki.

Na lipo jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa ilitoka Aprili 1897. Aliyetaka uhuru wake alikwenda mahakamani, na jina lake likaandikwa pamoja na la bwana wake. Bwana aliyedai fidia naye alitaja watu wake. Kwa familia nyingi hilo ndilo andiko la kwanza kabisa lenye jina la bibi au babu yao. Majina yale ni mazito kusoma. Wengine wameandikwa kwa majina waliyopewa na mabwana, na asili yao kuandikwa "Mnyasa" au "Mzaramo" bila kijiji. Nawaomba: ukikuta jina la ukoo mwingine humo, lisiwe neno la barazani wala la kurusha mtandaoni. Mwenye ukoo ndiye mwenye haki ya kulisema.

#6 Karani wa Ukoo

Dada Bint Kilimani, hilo la mwisho nalibandika juu kabisa ya uzi.

Niunge hapo habari ya bara. Freretown ya Mombasa ilianzishwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na Bagamoyo Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwepo tangu 1868 wakipokea watoto waliokombolewa. Kwa wazao wa watu hawa, karatasi za misheni ndizo cheti cha kuzaliwa. Barua na ripoti za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA ziko Oxford katika Maktaba ya Bodleian.

#7 Mama Kijacho

Naomba msaada kuhusu bibi, mama yake mama. Kila nikisoma karatasi naona "mke wa". Mke wa mwalimu, mke wa katekista. Jina lake silioni. Alitoka Machame, Walutheri.

#8 Karani wa Ukoo

Mama Kijacho, pole, na usikate tamaa. Magazeti na mafaili ya serikali yamewafuta kina bibi kwa kiasi kikubwa. Kanisa halikuwafuta, kwa kuwa kila mtu hubatizwa na kuungama kwa jina lake. Machame ilikuwa chini ya Misheni ya Leipzig tangu miaka ya 1890. Fanya hivi: nenda usharika wa zamani kuliko wote mahali alipozaliwa, uliza vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Usiulize "mna habari za bibi yangu?" Karani wa usharika ana kazi nyingi. Mpelekee karatasi yenye jina la Kikristo, jina la nyumbani, la baba yake, mwaka wa kukisia na miaka mitano mbele na nyuma, jina la mumewe, na watoto wake wa kwanza wawili. Ubatizo wa watoto utamtaja mama. Ukishampata kama mama, rudi nyuma umtafute kama bibi arusi, kisha kama mtoto wa kipaimara. Karatasi za misheni yenyewe, pamoja na ripoti zilizochapwa, ziko Halle, Ujerumani, kwenye Taasisi za Francke. Wamisionari hao waliandika sana habari za wasichana wa kwanza wa shule zao.

Na jingine: jina la Kikristo si la kufa na kupona. Mtu aliyebatizwa mkubwa aliweza kuwa na jina la nyumbani, la ubatizo, na la kazini. Andika yote kwenye daftari lako, usichague moja.

#9 Mzee wa Relini

Vijana, mimi nimewahi kukaa sana na mafaili ya Kijerumani, wacha nitoe tahadhari ya herufi. Mjerumani aliandika anavyosikia yeye. J yetu aliiandika "dsch", ch akaandika "tsch", z akaandika "s", y mara nyingi akaandika "j". Ndiyo maana Kilimanjaro ni Kilimandscharo, Wachaga ni Dschagga, Uzaramo ni Usaramo, Mwanza ni Muansa, Songea mara nyingine Ssongea. Jina la babu yenu lifanyieni vivyo hivyo kabla hamjasema halipo. Juma mtafute kama Dschuma. Zaidi mtafute kama Saidi, naye Saidi mtafute kama Ssaidi.

Miji nayo ilibadilika. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu ikiitwa Neu-Langenburg, Kasanga ikiitwa Bismarckburg. Kenya vilevile: Kisumu ni Port Florence, Murang'a ni Fort Hall, Nyahururu ni Thomson's Falls. Mtu akitafuta Lushoto kwenye gazeti la 1907 atatoka mikono mitupu.

Mafaili ya Kijerumani yaliyobaki Dar es Salaam yana faharasa iliyochapwa kwa juzuu mbili mwaka 1973. Ombeni hiyo kwanza kaunta, mchague namba za faili, ndipo mjaze fomu. Maofisa pale wanamsaidia sana mtu aliyekuja na namba.

#10 Kijana wa Ziwa

Samahani, lakini naona kila kitu kiko Oxford, Halle, Birmingham, Berlin. Kwa mtu wa kawaida haya ni ya wasomi wenye ufadhili. Na kwetu kanda ya ziwa, nani atakwenda Roma kusoma shajara ya Wamisionari wa Afrika (wale Mapadri Weupe)?

#11 Karani wa Ukoo

Hoja yako ina haki, na inaudhi kweli kwamba karatasi zetu ziko mbali nasi. Lakini tazama: daftari la ubatizo halikwenda Ulaya, liko parokiani. Mirathi iko Kilimani. Mafaili ya wilaya ya Kenya yako Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. *Mambo Leo* liko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sanduku liko kwa shangazi. Robo tatu ya kazi inafanyika hapa hapa kwa nauli ya basi.

Kwa zile za nje, barua pepe fupi inatosha kuanzia. Hifadhi nyingi zitakujibu kama mafaili yapo, na kama yanaweza kupigwa picha kwa malipo. Hao Wamisionari wa Afrika wa kanda ya ziwa walitakiwa kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Zimeandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi zimejaa majina ya makatekista, machifu, wagomvi na wagonjwa. Ukiandika "natafuta shajara ya kituo fulani, miaka 1912 hadi 1914", utajibiwa vizuri kuliko ukiandika "naomba historia ya ukoo wangu". Na mambo yanasogea: maandiko ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza uitwao Endangered Archives Programme, na yeyote anayatazama mtandaoni.

#12 Nyuki wa Kaunti

Naongeza kuhusu vita. Kwa wenye mababu waliochukuliwa kuwa wapagazi Vita vya Kwanza, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakuenziwa kwa majina, au hawakuenziwa kabisa. Kwa hiyo kukosa jina kwenye hifadhidata yao hakumaanishi kwamba hakufa vitani. Waliokuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wana nafasi nzuri zaidi. Kwa Kenya, wanaume Waafrika waliozidi miaka 16 walianza kusajiliwa kwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kuanzia 1919 na 1920, alama za vidole zikichukuliwa. Mzee akionekana kwenye picha ya zamani na kile kisanduku cha chuma cha kubebea kipande shingoni, jueni umri wake ulishakadiriwa na karani wakati huo, na makadirio hayo yanaweza kupishana na ukweli kwa miaka mingi.

#13 Mjukuu wa Manamba

Nimeongea na shangazi. Stakabadhi zipo, ya zamani kabisa ni ya 1951, na ina jina la jumbe ambalo hakuna aliyewahi kulisikia nyumbani. Nifanye nini na jina hilo?

#14 Karani wa Ukoo

Hongera, hiyo ni hatua kubwa. Kwanza piga picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua la asubuhi, usiitie plastiki ya moto kwa sababu itaharibu wino. Andika kila neno na kila namba ilivyo, hata usizozielewa.

Pili, angalia stakabadhi ilitolewa wilaya gani. Ikiwa ni ya Tanga, jumbe huyo ni wa kule mkongeni na anakuambia babu alikaa kijiji gani alipotoka kambini. Ikiwa ni ya Songea, basi mwaka 1951 alikuwa kwao, na ile habari kwamba hakurudi tena ina kasoro mnayopaswa kuichunguza kwa upole na wazee. Tatu, jina la jumbe ulipeleke kwenye kitabu cha wilaya na mafaili ya mahakama za wenyeji ya wilaya hiyo, ambako majumbe huorodheshwa kwa maeneo yao. Ukija Upanga, uliza kwanza kwa simu masharti ya kuingia na barua ya utambulisho inayotakiwa, maana hubadilika.

Tuwekee hapa jina la wilaya tu, lisiwe jina la jumbe wala la babu. Mashamba ya maeneo hayo bado yana migogoro, na ukoo ulioandikwa vibaya mtandaoni umewahi kupelekwa barazani kama ushahidi. Yaliyobaki nitumie kwa ujumbe wa faragha.